Mipira Chini ya Ukoka

Kache Karisa alikuja Malindi mwaka wa themanini na nne, mwaka ambao mahindi ya Ganze yalikauka yakiwa kimo cha goti. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mjane, na watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake, Nyevu. Alipanga chumba mtaa wa Barani, kwa mama mmoja wa Kibajuni aliyeitwa Bi Jaha. Siku ya tatu akasikia kwamba hoteli moja ya ufuoni inataka watu wa kuchimba, naye akaenda kusimama langoni pamoja na watu wengine wapatao arobaini.

Msimamizi wa bustani alikuwa Mzee Muhidin, mtu wa Pate, mwembamba, kofia nyeupe kichwani haikosi. Alitoka, akawatazama wale watu mmoja mmoja, akachagua wanaume kumi na wanne. Alipogeuka kurudi ndani, Kache akamfuata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lakini kazi hii ni ya sururu. Chini kuna mwamba."

"Kwetu Ganze tunachimba mto uliokauka mpaka tupate maji, na wanaochimba ni wanawake. Nipe mstari mmoja, na mwanamume yeyote umpe wa pili. Akinishinda nitakwenda zangu."

Muhidin hakupenda mashindano, lakini alipenda mtu anayejua analolisema. Akampa sururu. Ilipoadhiniwa adhuhuri, Kache alikuwa amemaliza mstari wake na amepiga magoti, anausawazisha kwa viganja ili sakafu yake isiwe na mabonde. Yule mwanamume wa pili alikuwa bado hajafika nusu. Hakuna aliyemwambia Kache kwamba amepata kazi. Kesho yake alikuja tu, na sururu ikawa inamngoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni Malindi. Hapo awali ukoka wa hoteli ile ulinyweshwa kwa vinyunyizio vilivyozunguka kutwa. Kusi ikivuma, maji yanapeperushwa yanakwenda kulowesha viti na madirisha, na yanayobaki juu ya nyasi yanakaushwa na jua kabla hayajazama. Pampu ilikuwa haipumziki. Na kisima cha karibu na bahari kikivutwa hivyo bila kiasi, maji ya chumvi husogea kushika nafasi ya maji matamu. Ukoka ukaanza kuungua ncha. Nyuma ya ukuta wa hoteli, kisima cha msikiti nacho kikabadilika ladha, na watu waliokuja kutawadha wakawa wanatema mate na kunung'unika.

Mwenye hoteli, Mtaliano aliyeitwa Ruggero, ndipo akaagiza kwa kampuni moja ya Mombasa kitu kipya: mipira myeusi, unene wake kama kidole gumba, yenye kitundu kila baada ya dhiraa moja. Ingelazwa chini ya ukoka kina cha shubiri, idondoshe maji polepole penye mizizi, pasionekane tone juu. Wafanyakazi wengi waliamini kwamba Bwana Ruggero ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kache alichimba wiki tatu. Sehemu nyingi zilikuwa mchanga mtupu, jembe linaingia kama kwenye unga. Lakini upande wa kati, baina ya bwawa la kuogelea na baraza la kulia chakula, mwamba wa matumbawe ulikuwa juu. Sururu iligonga ikarudi. Walipofika kina cha vidole vinne, nyapara wa kampuni akasema basi, lazeni mipira.

"Bwana, mlituambia shubiri," Kache akasema.

"Hapa panatosha. Nyasi haitajua."

Kache akalaza mipira kama alivyoamriwa, akafukia, lakini hakuridhika. Jioni ile alimweleza Bi Jaha habari hiyo mara mbili, mpaka Bi Jaha akamwambia ale kwanza.

Uchimbaji ulipokwisha, wote waliruhusiwa waende makwao isipokuwa yeye. Muhidin macho yalikuwa yameanza kumpotea, na kile kijisaa cha kuonyesha nguvu ya maji hakukisoma vizuri. Kache alikuwa amefika darasa la nne, na nambari alizijua. Basi akawa yeye ndiye wa kusoma kijisaa, wa kuosha chujio kila asubuhi, wa kufungua na kufunga koki. Kila Ijumaa, Muhidin akienda kujitayarisha kwa swala, Kache alizunguka bustani nzima akifungua vifuniko vilivyo mwisho wa kila mstari, akayaacha maji yatoke na taka zake mpaka yawe safi, ndipo akafunga. Ilikuwa mistari sitini na miwili. Aliijua yote, upi ni mrefu, upi una kiungo, upi ulipinda kukwepa mnazi.

Jambo moja tu lilimsumbua. Alipokwenda Ganze kuwaona watoto, mama yake alimuuliza kazi anayofanya, naye akamweleza.

"Nyasi," Nyevu akasema. "Wanywesha nyasi madzi."

"Ndiyo, mama."

"Huzila? Mbuzi huzila?"

"Hapana. Wageni huzitazama, na huzikanyaga."

Nyevu alikuwa ametoka kisimani, safari ya kutoka alfajiri hadi jua la saa nne, na ndoo yake bado ilikuwa na majani juu kuzuia maji yasimwagike. Akayatoa majani, akamtekea mwanawe maji ya kunywa. Kache alikunywa akiona haya, na njiani kurudi aliwaza sana. Mwisho alijiambia hivi: nyasi za wageni zitanyweshwa, nipende nisipende. Langu mimi ni kuhakikisha zinakunywa kidogo. Tangu mipira ile izikwe, pampu ilifanya kazi saa tatu tu kwa siku badala ya kutwa, na maji ya kisima cha msikiti yalikuwa yamerudi kuwa matamu. Hilo alikuwa amelionja kwa ulimi wake mwenyewe, maana imamu alimruhusu ateke.

Miaka miwili ikapita vizuri. Halafu, mwezi wa tisa wa mwaka wa themanini na sita, ukoka wa kati ukaanza kugeuka rangi. Kwanza madoa mawili matatu, kama mahali palipowekwa sufuria ya moto. Baada ya wiki mbili madoa yakawa kumi na tisa. Muhidin akaongeza saa ya pampu, haikusaidia. Akatia mbolea, ikawa mbaya zaidi.

Bwana Ruggero akamwita mhandisi wa kampuni kutoka Mombasa, Bwana Simeon, yule yule aliyechora ramani ya mipira. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Alipima pampu, akatazama kijisaa, akatikisa kichwa. Akasema mipira imeziba, na mipira ikishaziba haizibuki. Hapana budi ing'olewe yote, iletwe mingine kutoka ng'ambo, nayo itachukua miezi minne kufika.

Ruggero akashika kiuno. Miezi minne ilimaanisha kwamba wageni wa Krismasi wangekuta bustani imekuwa jangwa. "Ng'oa," akamwambia Muhidin. "Rudisha vile vya kuzunguka. Jumatatu ijayo."

Kache alikuwa amesimama pale pale, chujio mkononi. Hakuhofia kazi yake, bali alijua vinyunyizio vitakifanyia nini kisima. Lakini hakuwa bado na la kusema, na Kache hakuwa mtu wa kusema kabla hajawa na la kusema.

Mchana ule, watu walipokwenda kula, alikata vijiti vya mkadi akaenda kuchomeka kimoja katika kila doa. Alipomaliza akapanda ngazi ya baraza, akatazama chini. Vijiti vilifanya umbo. Vilitoka kwenye pembe ya bwawa, vikapinda, vikaja hadi chini ya baraza pale aliposimama. Umbo lile alilijua kwa mikono yake, maana malengelenge aliyoyapata hapo yalichukua mwezi kupona. Ulikuwa ule mwamba. Kila doa lilikuwa mahali ambapo mipira ilizikwa kina cha vidole vinne, na pale ilipozikwa shubiri, ukoka ulikuwa kijani.

Alijua ni wapi, hakujua ni kwa nini. Akafukua doa moja, akakata kipande cha mpira cha urefu wa mkono, akakitia kapuni, akaenda nacho nyumbani.

Bi Jaha alikuwa uani, amekaa kwenye kibao, anasugua birika. Ndani ya birika mlikuwa na gamba jeupe, nene, gumu kama kombe la chaza.

"Maji ya mji huu yana chokaa," Bi Jaha akalalamika. "Kila yakichemka yaacha ngozi. Mtungini hayafanyi hivi, ila kwenye moto."

Kache akaacha kuvua viatu. "Mtungini hayafanyi?"

"Huo mtungi una miaka sita, tazama ndani. Maji ya baridi hayana neno. Moto ndio uishikishao chokaa."

Kache akatoa kile kipande cha mpira, akakipasua kwa kisu kwa urefu. Ndani, kuzunguka kila kitundu, palikuwa na gamba lile lile jeupe. Juu ya mwamba, mpira uko karibu na jua, na mwamba wenyewe hupata moto ukaushikilia. Maji yaliyolala ndani ya mpira mchana kutwa yalikuwa yanapikwa.

"Na hilo gamba walitoaje, Bi Jaha?"

"Kwa siki ya mnazi. Watia, waacha, wasuuza. Hata kusugua huku ni haraka yangu tu."

Wakakitia kipande kile kwenye bakuli la siki. Povu dogo likaanza kupanda kutoka kwenye vitundu, na Kache alikaa akilitazama mpaka wali ukapoa.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ruggero kabla ya chai, na Muhidin yuko pamoja naye. Muhidin alitaka kuzungumza kwa niaba yake, kisha akabadili nia. "Sema mwenyewe," akamwambia. "Mimi nitashuhudia."

Kache akaweka mezani vipande viwili vya mpira, kimoja cha gamba na kimoja kilichotoka kwenye siki. Akaeleza habari ya mwamba, ya vidole vinne, na ya birika. Ruggero, aliyekuwa na Kiswahili cha kukatikakatika lakini cha kutosha, alichukua kile kipande safi akakiinua kwenye mwanga, akaona tundu wazi.

"Siki kiasi gani kwa bustani nzima?" akauliza. "Mji wote hauna."

"Si siki, Bwana. Mahadhi wa bwawa ana asidi ya kutolea gamba kwenye vigae. Ni kali kuliko siki mara nyingi, lakini kazi yake ni ile ile. Nipe siku saba. Using'oe kitu."

"Mhandisi amesema haiwezekani."

"Mhandisi ni fundi mkubwa. Lakini hakuchimba yeye. Nimechimba mimi."

Ruggero akamtazama Muhidin. Muhidin akasema, "Miaka miwili hii sijamsikia akisema jambo likawa silo."

Akapewa siku saba.

Mahadhi, mtunzaji wa bwawa, alikuwa kijana wa Shela mwenye ndevu na tahadhari nyingi. Alimpa Kache glavu za mpira na miwani, akamfundisha sharti moja kabla ya yote: maji hutangulia pipani, asidi hufuata, wala usigeuze. Siku ya kwanza walijaribu mstari mmoja peke yake. Walichanganya kidogo sana kwenye pipa, wakaisukuma polepole kwa pampu ndogo ya bwawa, wakafunga koki, wakangoja muda wa saa moja. Kisha Kache akafungua kifuniko cha mwisho wa mstari.

Maji yakatoka meupe kama tui la pili. Yalitoka na vipande vya gamba, yakatoka na mchanga, na baada ya dakika chache yakawa maji. Mahadhi alipiga kofi moja, akasahau kwamba ana glavu zenye asidi, na Kache akamkimbiza akanawe.

Walifanya mistari minane siku ya pili, kumi siku ya tatu. Mitatu ilikataa. Kache akafukua, akakuta mizizi ya ukoka imeingia vitunduni ikajaa ndani ya mpira kama manyoya. Hapo asidi haikuwa na kazi. Alikata sehemu zile, akaunga vipande vya akiba vilivyobaki stoo tangu mwaka wa themanini na nne, akafunga viungo kwa mkono mpaka vidole vikamuuma. Halafu akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alikwenda kwa Muhidin akaomba patasi za mawe na wanawake wanne. Muhidin alimwachia achague, naye akachagua wanawake wa Barani waliokuwa wakivunja kokoto kwa ajili ya ujenzi. Wanne hao na Kache waliushambulia mwamba mstari kwa mstari, wakaukata mpaka shubiri ikatimia, wakatandika mchanga chini na kulaza mipira upya. Wageni wachache waliokuwapo walisimama barazani na vikombe vya kahawa, wakitazama wanawake watano wakipiga patasi kwa wimbo.

Siku ya saba Ruggero akashuka. Madoa yalikuwa pale pale, tena yamezidi ubaya kwa kuwa yamefukuliwa.

"Sioni kijani," akasema.

"Nyasi si taa, Bwana, kwamba utabonyeza iwake." Kache akapiga magoti, akafukua kwa kiganja katikati ya doa, akatoa ngumi ya mchanga. Ulikuwa baridi, umeshikana. Akamtilia Ruggero mkononi. "Wiki iliyopita hapa palikuwa vumbi. Maji yamefika. Mizizi ikishajua, majani yatafuata."

Ruggero akaugeuzageuza ule mchanga kwa kidole. Wafanyakazi wa jikoni walikuwa wamejaa dirishani. Mwisho akaufinyanga, akautupa chini, akasema, "Siku saba nyingine."

Hakuzihitaji zote. Siku ya kumi na moja, Muhidin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameinama karibu na baraza akiokota kifuu, akabaki vile vile ameinama, akaita, "Kache! Njoo. Hebu niambie hiki ni nini." Kilikuwa kichipukizi cha ukoka, chembamba kama sindano, na pembeni yake kingine, na kingine. Kache alivua viatu akatembea juu ya doa lile polepole, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, akarudi.

Wageni wa Krismasi walikuta ukoka wa kati kijani kama wa kando, na hawakujua kwamba palitokea jambo. Kache alilipenda hilo. Kazi ya maji yaliyozikwa, alisema, ikiwa nzuri haionekani.

Mwaka uliofuata Ruggero alimpa cheo cha fundi wa maji na wale wanawake wanne wakaajiriwa chini yake. Wenye nyumba jirani wakaanza kumwita, mmoja Casuarina, mwingine Watamu, kisha bibi mmoja wa Kizungu wa Kilifi aliyekuwa na bustani inayoteremka hadi kwenye mkono wa bahari. Kila alikokwenda alianza kwa kupiga chuma chini ardhini, hatua kwa hatua, kutafuta mwamba uko wapi. Mwenye nyumba akiharakisha, Kache aliketi kwenye kivuli na wenzake, akangoja aishiwe na maneno. Watoto wake aliwaleta Malindi wakasoma. Nyevu alikataa kuja mjini, lakini alikuja mara moja kutembea. Alisimama bustanini na kitambaa chake cha kichwa, akaombwa akanyage, akakanyaga kwa mguu mmoja. "Laini," akasema. Kisha akataka aonyeshwe kisima, na huko ndiko alikokaa muda mrefu zaidi, akiuliza kina chake, na nani mwingine hukitumia.

Mwaka wa themanini na tisa, mwezi wa pili, Bwana Simeon alikuja tena kutoka Mombasa. Safari hii hakuitwa na mtu. Alimkuta Kache nyuma ya nyumba ya pampu anaosha chujio, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama Kache, nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, nilikosea. Sasa kila bustani tunayoiweka pwani hii tunaandika shubiri moja, mwamba au si mwamba, na mara mbili kwa mwaka tunatia asidi. Nimewaambia wakubwa wangu nilikojifunza."

"Ahsante, Bwana Simeon. La pili?"

"Kampuni yakutaka Mombasa. Chumba utapewa."

Kache akalipiga chujio kwenye ukuta, mchanga ukadondoka. Alifikiri kidogo tu, maana jambo lile alikuwa amelitarajia.

"Mombasa sitakuja. Bustani zangu zikiachwa wiki tatu zitaziba, na wenzangu wanne siwaachi. Lakini una mafundi huko wasiojua ardhi yetu hii."

"Ninao sita."

"Wapandishe gari waje. Wakae nami miezi miwili, nitawafundisha. Wachimbe kwanza, mwezi mzima wachimbe tu, kabla hawajagusa mpira hata mmoja."

Simeon akacheka. "Hao wamesoma, Mama. Wana vyeti."

"Vyeti wavihifadhi vizuri visilowe," Kache akasema, akarudisha chujio mahali pake, akakaza kifuniko. "Waje Jumatatu. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali."